Namba Haina Nuksi



  

Ndugu wanafunzi, na nyinyi wazazi mnaolisoma jarida hili pamoja nao, mwaka huu nilikusudia kuandika juu ya adabu za msikitini. Mada hiyo nimeiweka kiporo, kwa sababu ya jambo lililotokea darasani kwangu.

Binti mmoja wa darasa la juu, hodari wa kuhifadhi na hodari zaidi wa hesabu huko skuli, hakuonekana madrasa siku tatu. Aliporudi alikuwa na macho mekundu. Katika simu ya mama yake ulikuwa umeingia ujumbe wenye namba ndefu, ukisema kwamba hiyo ni namba ya shetani, kwamba mwenye kuiandika nzima atafikwa na balaa, na kwamba dawa yake ni kuutuma ujumbe huo kwa watu 10. Naye, kwa kupenda namba, alikwisha kuinakili nyuma ya daftari lake kabla hajafika kwenye onyo. Mama alipojua alilichukua daftari akalitia jikoni, na masomo ya miezi minne yakaungua pamoja nalo. Mtoto akaniuliza, "Maalim, nikisoma Ayatul Kursiy inatosha, au mpaka ninywe kombe?"

Nilimwambia akae. Kisha nikachukua chaki, nikaiandika ubaoni namba yenyewe, tarakimu zote 31:

1000000000000066600000000000001

Darasa lilinyamaza kimya. Kijana mmoja aliyekaa mbele aliusogeza mkeka wake nyuma. Nikawaambia, "Mimi nimeshaiandika. Sasa tuitazame."

Na nyinyi wasomaji itazameni. Ina moja mwanzoni, sifuri 13, kisha 666, kisha sifuri 13 nyingine, na moja mwishoni. Isome kutoka kushoto au kutoka kulia, ni ileile. Namba za namna hii wataalamu huziita palindromu. Mimi nitaziita namba za kwenda-na-kurudi. Mfano mdogo ni 121, au 4774. Hata maneno yako ya namna hiyo: ini, ala, na ada, ile ada ya madrasa ambayo wazazi wengine hawaioni wakija wala wakirudi. Na wanafunzi wa darasa la juu wafungue Sura al-Muddaththir, aya ya tatu. Waiache wau ya mwanzo, kisha waandike herufi mojamoja: raa, baa, kaaf, faa, kaaf, baa, raa. Wataona zinasomeka sawa pande zote mbili. Wanazuoni wa balagha waliliona jambo hilo tangu zamani, wakalitaja kuwa ni uzuri wa lugha. Hawakulifanyia hirizi.

Sifa ya pili ya namba yetu ni kwamba ni namba tasa. Namba tasa ni ile iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11, 13. Na hapa ndipo namba hii ilipowashangaza watu, kwani kuwa ya kwenda-na-kurudi na tasa kwa pamoja si jambo jepesi.

Nieleze kidogo. Namba yoyote ya kwenda-na-kurudi yenye idadi shufwa ya tarakimu hugawanyika kwa 11. Chukua 4774. Ziruke tarakimu mojamoja: ya kwanza na ya tatu ni 4 na 7, jumla 11; ya pili na ya nne ni 7 na 4, jumla 11. Jumla mbili zikilingana, tofauti yake ni sifuri, na hiyo ni alama kuwa namba inagawanyika kwa 11. Gawa uone: 434 kamili. Katika namba ya kwenda-na-kurudi yenye tarakimu 4, 6 au 8 jumla hizo hulingana siku zote, maana kila tarakimu ina mwenzake upande wa pili, na mwenzake huyo huangukia katika kundi jingine. Kwa hiyo miongoni mwa namba hizo zote, hata ziwe na tarakimu milioni moja, tasa ni moja tu, nayo ni 11 yenyewe. Namba ya kwenda-na-kurudi ikitaka kuwa tasa, basi ama ni 11, ama idadi ya tarakimu zake ni witiri. Yetu ina 31, ambayo ni witiri. Maneno haya shufwa na witiri si mageni kwenu: Allah (S.W.) ameapa kwavyo katika Sura al-Fajr, na sala ya witri mnaisali. Na vitabu vya hesabu vya skuli vimeyachukua hayo hayo.

Tuendelee kuijaribu. Kwa 2 na kwa 5 haigawanyiki, kwa kuwa inaishia na 1. Kwa 3 jumlisha tarakimu zake: 1 na 6 tatu na 1, jumla 20, 20 haigawanyiki kwa 3, basi na namba yenyewe haigawanyiki. Kwa 7, 11 na 13 ipo njia moja nzuri inayozijaribu zote tatu kwa mkupuo, kwa sababu 7 mara 11 mara 13 ni 1001. (Hiyo nayo ni ya kwenda-na-kurudi, na ndiyo idadi ya usiku katika Alfu Lela Ulela.) Njia yenyewe ni hii: anza kulia, zikate tarakimu tatutatu, kisha jumlisha kundi la kwanza, toa la pili, jumlisha la tatu, toa la nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Katika namba yetu makundi mengi ni sifuri tupu. Yanayobaki ni 1, kisha 600, kisha 66 inayotolewa, kisha 1 ya mwisho. Jawabu ni 536. Sasa gawa 536 kwa 7, inabaki 4. Kwa 11, inabaki 8. Kwa 13, inabaki 3. Basi hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoigawa namba yetu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyafanya haya kwa penseli.

Kuimaliza kazi yote kwa penseli ndiko kusikowezekana. Kwa njia hiyo ya kujaribu, ingebidi tufike mpaka kwenye namba za tarakimu 16, yaani kipeuo cha pili cha namba yetu. Mtu akijaribu kigawo kimoja kila sekunde bila ya kulala wala kula, angehitaji zaidi ya miaka milioni 31. Wanahisabati wamevumbua njia nyingine fupi za kuthibitisha, na kompyuta hufanya kazi hiyo mara moja. Aliyeigundua namba yetu kuwa ni tasa ni Mmarekani Harvey Dubner, mhandisi aliyependa kutafuta namba tasa kubwa. Aliyeipa jina ni mwandishi mwingine wa Marekani, Clifford Pickover. Aliiita namba tasa ya Belphegor, na Belphegor ni jina la shetani mmoja katika visa vya Wakristo wa Ulaya.

Ndipo lilipotoka neno shetani. Limetoka kwa mwandishi aliyependa mzaha, kwa kuwa katikati ya namba mna 666 na pembeni mna sifuri 13. Hiyo 666 imetajwa katika Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia, sura ya 13, kuwa ni namba ya mnyama. Katika Qur'ani haimo, na katika Hadithi sahihi za Mtume (S.A.W.) haimo. Tena katika baadhi ya nakala za kale za kitabu hicho hicho imeandikwa 616. Ama 13, hiyo ni nuksi ya Wazungu, ambao baadhi yao hata hoteli zao hawaziwekei chumba cha 13. Sisi Waislamu siku ya 13 ya mwezi wa Kiislamu ni ya kwanza katika Ayyamul Biidh, siku tatu tunazofunga kwa kutaraji thawabu.

Tena litazameni jambo hili. Punguza sifuri zote, ubaki na 16661. Hiyo nayo ni tasa. Weka sifuri moja kila upande, au mbili, mpaka 12: hupati tasa hata moja. Weka 13: tasa. Kisha haipatikani tena mpaka uweke sifuri 42 kila upande, na baada ya hapo mpaka 506. Anayetetemeka kwa sababu ya 13 ana neno gani juu ya 42? Na 506 ni nuksi ya kabila gani?

Lakini hoja iliyonishughulisha zaidi ni nyingine. Kwenda-na-kurudi kwa namba hii kumo katika maandishi, hakumo katika namba. Sisi tunahesabu kwa makumi kwa sababu tuna vidole 10. Kompyuta na simu zinahesabu kwa mbilimbili, kwa sifuri na moja tu, na humo 666 huandikwa 1010011010. Zile sita tatu ziko wapi? Ikisome kutoka kulia uone kama inabaki vile vile. Waroma waliiandika DCLXVI. Kwa abjadi ya Kiarabu ni khaa, siin na wau. Sita tatu zilizofuatana ni vazi tu, na vazi hubadilika. Kuwa tasa ndiko kulikomo katika mwili wa namba: tende idadi hiyo, ziandike utakavyoziandika, huwezi kuzipanga katika safu zilizolingana isipokuwa uziweke zote katika safu moja, au tende mojamoja. Basi yule mama aliyechoma daftari aliliogopa vazi. Na ujumbe ule uliomtisha, nao ulifika simuni mwake umeandikwa kwa sifuri na moja.

Simcheki mama huyo. Alimhofia mwanawe. Ninaowalaumu ni sisi walimu, na hapa naomba radhi kabla ya kusema.

Sisi wenyewe tumewazoesha watu kuamini kuwa namba zina siri. Katika mitaa yetu ya pwani, kijana akiposa, bado wako wanaopeleka jina lake na jina la mama yake, jina la binti na la mama yake, kwa mtu mwenye kitabu. Mtu huyo anazigeuza herufi kuwa namba kwa abjadi, anajumlisha, anagawa, anatazama baki, kisha anasema nyota zao zinaafikiana au haziafikiani. Naijua posa iliyovunjwa kwa baki. Kijana alikuwa mswalihina, ana kazi yake, wazazi wa pande mbili wameridhiana. Baki ikaja mbaya. Binti akakaa miaka kadhaa nyumbani akisemwa kuwa ana nyota nzito, na waliokuwa wakilisema hilo walikuwa wanatoka msikitini.

Mtume (S.A.W.) ameikataza tiyara, yaani kuamini nuksi. Na amebainisha katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake aliyoiandika mwaka 1377, alitenga mlango wa kubatilisha utabiri wa nyota. Haya si maneno ya Wazungu wala ya vijana wa leo.

Atasema mtu: abjadi ni elimu ya Waislamu. Ni kweli, wanazuoni waliitumia kuandikia namba katika majedwali ya falaki na kuandikia tarehe ndani ya mashairi. Ni njia ya kuandika. Lakini tazameni mnapofika mkiifanya ni njia ya kujua ghaibu. Kwa abjadi Jina Tukufu la Allah lina jumla ya 66: alif 1, laam 30, laam 30, haa 5. Sasa jumlisheni neno hilali: haa 5, laam 30, alif 1, laam 30. Ni 66 vilevile. Wako maadui wa dini hii wanaodai kwamba Waislamu wanaabudu mwezi. Mwenye kusema kuwa majina yenye jumla moja yana siri moja, amewapa fimbo watupige nayo.

Nitaongeza na hili, ingawa najua baadhi ya vijana wetu halitawapendeza. Vipeperushi na mihadhara ya muujiza wa namba katika Qur'ani inaenea sana, na wa mbele miongoni mwake ni ule wa 19. Aliyeueneza ni Rashad Khalifa, Mmisri aliyeishi Marekani, aliyetangaza habari yake mwaka 1974. Watu wengi walifurahi. Kisha hesabu yake ilipokataa kukaa sawa, alizikana aya mbili za mwisho za Sura at-Tawba, akadai kuwa hazimo katika Qur'ani. Aliona ni wepesi zaidi kuikata Qur'ani kuliko kuikosoa hesabu yake. Na 19 yenyewe imo katika Sura al-Muddaththir, ileile niliyokutajieni juu: ni idadi ya Malaika wasimamizi wa Moto, na aya inayofuata inabainisha kuwa idadi hiyo imefanywa mtihani kwa waliokufuru, na yakini na kuzidi imani kwa wengine. Ilipotajwa, wako walioifanyia mzaha. Baada ya karne 14 akatokea wa kuifanyia kiwanda. (Namba ya ubaoni nayo, ukiigawa kwa 19, inabaki 5.)

Basi nini rai yangu? Rai yangu ni kwamba hisabati irudi madrasa. Najua wapo wazazi waliolalamika mwaka uliopita nilipobandika maswali ya hesabu kwenye ubao wa matangazo, wakisema watoto wameletwa kusoma Qur'ani, hesabu wataipata skuli. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa, alitunga kitabu cha al-jabr ambacho jina lake limepita katika lugha za dunia nzima mpaka likawa aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya mirathi na wasia. Alikuwa anatafuta haki ya wenye haki.

Chukueni suala mashuhuri la minbari. Mtu amekufa, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti wana theluthi mbili, na kila mzazi sudusi. Jumlisheni kwa sehemu 24: 3 na 16 na 4 na 4. Inakuja 27! Mali ni 24, haki ni 27. Sayyidna Ali (R.A.) ameulizwa suala hili akiwa juu ya minbari, naye akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imekuwa tusui, yaani 3 katika 27. Hakuna aliyepunjwa peke yake. Upungufu umegawanywa kwa wote. Hiyo ndiyo kazi ya namba katika nyumba ya Muislamu aliyefiwa. Nimewahi kukaa katika kikao cha mirathi ambapo watu wazima watano hawakuweza kujumlisha sudusi na thumni, na mjane alikuwa amekaa nyuma ya pazia akisubiri. Mmoja wao alikuwa anajua abjadi kwa ghaibu.

Kwa hiyo nimeiomba kamati ya madrasa saa moja kwa wiki, siku ya Alhamisi baada ya Alasiri. Tutaanza na sehemu, tuingie zaka na mirathi, na wakibaki na hamu nitawaonyesha namba tasa. Hazitawalisha. Lakini mtoto aliyezoea kuuliza "imethibitika vipi?" mbele ya namba ya tarakimu 31, atauliza hivyo hivyo mbele ya ujumbe wa simu na mbele ya mwenye kitabu.

Ama yule binti, sikumpa kombe. Nilimpa daftari jipya, nikamwambia aiandike namba ile ukurasa wa kwanza, aigawe kwa 17, aniletee baki. Aliniletea baada ya siku mbili. Alikuwa amegawa kwa njia ndefu, tarakimu kwa tarakimu, kurasa mbili nzima, na pembeni pameandikwa Bismillahi kwa mkono wa mama yake. Baki ni 16. Nimeihakiki, ni sahihi. Sasa yuko kwenye 23.